Mbona Gari Lako Halikai Sawa? Kutafuta Chanzo cha Makosa Unapochora Magari

Kuchora gari kila siku hakutakusaidia sana ikiwa kila siku unarudia kosa lilelile. Vijana wengi ninaokutana nao hapa Dar wana madaftari yaliyojaa magari, na gari la ukurasa wa mwisho lina ugonjwa uleule wa lile la kwanza: tairi la nyuma limelala, kioo cha mbele kama kimebandikwa, bodi imepinda pale kwenye mlango. Kipaji wanacho na bidii wanayo. Tatizo ni kwamba wanarekebisha mahali kosa linapoonekana, na kuacha mahali lilipoanzia. Fundi mzuri wa gereji akiletewa gari linalotoa moshi hakimbilii kufungua injini; kwanza anauliza moshi una rangi gani na unatoka wakati gani. Mchoro nao uhojiwe hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kushika raba, fanya uchunguzi. Piga picha ya mchoro kwa simu, kisha uigeuze kushoto iwe kulia. Programu yoyote ya kuhariri picha inaweza kufanya hivyo, na kama huna, simama na mchoro mbele ya kioo cha kabati. Jicho lililokaa na mchoro saa nzima limeshauzoea na kuusamehe. Mchoro ukigeuka, kosa linajitokeza lenyewe. Halafu bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua nne au tano, uangalie tena. Weka alama ya biro nyekundu pale jicho linapokwama. Sasa tafuta dalili yako hapa chini. Nimeanza na makosa ya umbo zima, kwa sababu hayo ndiyo yanayozaa mengine, na ni kazi bure kunyoosha tairi ilhali bodi yenyewe imepinda.

Gari limepinda kama limegongwa ubavuni

Boneti inaelekea huku, paa linaelekea kule. Ukifunika nusu ya gari kwa kiganja, kila nusu peke yake inapendeza. Ukiondoa kiganja, zinagombana.

Mara nyingi chanzo ni kwamba hukuamua macho yako yako wapi. Kila mchoro wa gari una mstari wa macho, yaani kimo cha macho ya mtu anayeliangalia. Kila kilicho juu ya mstari huo unakiona kwa chini, na kilicho chini yake unakiona kwa juu. Mtu mzima akisimama barabarani, macho yake yako mita moja na nusu na kidogo hivi kutoka ardhini. Toyota IST ya kizazi cha kwanza ina kimo cha milimita 1,530. Maana yake, ukisimama kando ya IST, mstari wa macho unapita karibu kabisa na paa lake, na paa utaliona kama ukanda mwembamba tu, pengine usilione kabisa. HiAce fupi ya kizazi kilichotoka 2004 ina kimo cha milimita 1,980, kwa hiyo mstari uleule unaikata kwenye vioo, na paa huwezi kuliona. Sasa angalia michoro yako. Kama umechora HiAce inayoonekana paa lake pana, huku chini yake mguu wa konda umechorwa kama unavyoonekana na mtu aliyesimama kituoni, umechanganya macho ya watu wawili.

Dar es Salaam inakupa nafasi ya kulijaribu hili bure. Panda daraja la waenda kwa miguu pale Manzese Darajani uangalie magari yanayopita chini: mapaa yote yamefunguka, vioo vya mbele vimelala, matairi yamefichwa na bodi. Shuka, simama pembeni ya barabara: mapaa yamepotea. Kisha kaa kwenye kigoda kwa fundi viatu: mstari wa macho umeshuka hadi kwenye milango ya IST, na daladala limekuwa jumba. Gari ni lilelile, macho ndiyo yamehama. Chora kila mahali michoro mitatu midogo, usihangaike na taa wala shoo, yaani grili ya mbele, umbo tu.

Foleni ya Morogoro Road inafundisha jambo jingine ambalo watu wengi hulikataa hadi walione. Kwenye sehemu tambarare, ukiwa umesimama, mapaa ya IST zote, ya karibu na ya mbali, yanakaa karibu kwenye mstari mmoja. Yanayoshuka na kupanda ni matairi: gari la karibu matairi yake yako chini sana kwenye karatasi, la mbali yamepanda. Anayechora foleni kwa kuyapandisha magari ya mbali juu kama ngazi atapata kilima ambacho hakipo.

Chanzo kingine cha kupinda ni nukta za kukutania kuwa karibu mno. Gari ukiliangalia kwa pembeni kidogo, yaani unaona uso wake na ubavu wake pamoja, mistari ya ubavu ikiendelezwa inakutana kwenye nukta moja iliyo kwenye mstari wa macho wenyewe, na mistari ya bampa na upana inakutana kwenye nukta nyingine upande wa pili. Karatasi ya A4 ni ndogo. Ukizilazimisha nukta zote mbili ziingie ndani yake, gari linavimba mbele na kuchongoka nyuma. Angalau nukta moja iangukie nje ya karatasi, na mara nyingi mbili. Bandika karatasi katikati ya meza kwa selotepu, choma pini mbili mezani pembeni ya karatasi, funga uzi kwenye kila pini, halafu vuta uzi uone kila mstari unapaswa kuelekea wapi. Ni njia ya kizamani na inafanya kazi kuliko programu nyingi. Kama meza ni ya mama, tumia ubao.

Na kuna wanaoanza na mikunjo. Gari la siku hizi halina pembe kali, basi mtu anaanza na ule mviringo wa taa na kuendelea nao hadi buti, akiomba Mungu pande zikutane. Anza na boksi. Boksi la chini hadi usawa wa vioo, boksi dogo la juu kwa ajili ya vioo na paa. Likikaa sawa, ndipo uanze kulinyoa. Kwenye kunyoa, kumbuka kwamba vioo vya pembeni havisimami wima: vinaegemea ndani kadiri vinavyopanda, kwenye IST kwa wazi kabisa, kwenye HiAce kidogo. Boksi la juu likiwa na upana sawasawa na la chini, gari lako litafanana na kontena.

Ukitaka kujipima kama kweli umeelewa, chora basi refu la mwendokasi, lile lenye kiungo katikati, likikata kona. Kila kipande kina nukta zake za kukutania, lakini mstari wa macho ni mmoja kwa vyote viwili. Mchoro huo ukikaa sawa, sehemu hii iruke.

Matairi

Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tairi likiangaliwa kwa pembeni si duara tena, ni duaradufu, duara lililobanwa. Duaradufu ina mhimili mrefu na mhimili mfupi unaoukata katikati kwa pembe mraba. Kanuni inayotibu nusu ya matatizo yote ya matairi ni hii: mhimili mfupi unafuata ekseli. Ekseli inatoka tairi la kushoto kwenda la kulia, kwa hiyo mhimili mfupi wa tairi unaelekea nukta ileile ambayo bampa linaelekea.

Ukiona tairi limelala, kama gari limevunjika shokapu, usilifute bado. Chora mhimili wake mfupi uuendeleze. Kama hauendi kwa bampa, umeshapata kosa. Mara nyingi mchoraji amesimamisha mhimili mrefu wima kwa sababu anajua tairi limesimama wima. Lakini ukiliangalia gari kwa juu, kama kutoka pale darajani, mhimili mrefu unainama kidogo, na ni sawa uiname.

Ukiona tairi lina ncha mbili kama mbegu ya embe, ulichora pinde mbili ukaziunganisha. Duaradufu haina kona popote. Zungusha mkono hewani mara mbili tatu bila kugusa karatasi, halafu ushushe penseli ukiwa bado unazunguka, upite mara mbili. Itakuwa na mistari miwili mitatu iliyopishana, na hilo halina ubaya wowote. Mstari mmoja wa woga ndio mbaya.

Ukiona tairi la nyuma linaonekana kubwa au nene kuliko la mbele wakati gari linakuangalia, umezifanya duaradufu zote mbili zilingane. La karibu linafunguka zaidi, la mbali linabanwa zaidi, kwa sababu ubavu wa gari unakimbia kuelekea nukta yake.

Kuna dalili ambayo si kosa. Daladala linapotoka kituoni, dereva anakata usukani kulia kurudi barabarani. Matairi ya mbele yamegeuka, mhimili wake mfupi hauendi tena kwa bampa, na hauna haja ya kwenda. Ya nyuma yanabaki palepale. Watu huchora matairi yote manne yamegeuka, au wanageuza rimu na kusahau tairi lenyewe.

Halafu hesabu matairi unayoyaona. Gari likikuangalia kwa pembeni, unaona mawili ya ubavuni, na chini ya bampa unaona kipande cha la tatu, la upande wa pili wa mbele. Wengi hulisahau, na gari linaonekana kama pikipiki pana. Mstari unaopita chini ya matairi mawili ya mbele nao unaelekea nukta ya bampa.

Zoezi lake ni la nyumbani. Weka kifuniko cha ndoo mezani kikiwa kimesimama wima, kiegemeze kwa kitabu, choma kijiti katikati kiwe ekseli. Kigeuze kidogo kidogo, kila pembe uichore pamoja na kijiti chake. Jaza ukurasa mzima. Inachosha, na hakuna atakayeipenda hiyo picha ukiiweka mtandaoni. Fanya hivyohivyo.

Ni gari, lakini si IST

Unamwonyesha mtu, anasema "gari zuri", halafu anauliza ni gari gani. Umbo halijapinda, tatizo ni vipimo.

Tumia tairi kama kipimo. Kimo cha tairi unakipata kwenye namba zilizoandikwa ubavuni mwake. Tairi la 185/65R15 lina rimu ya inchi 15, sawa na milimita 381. Ukuta wa mpira ni asilimia 65 ya 185, ambayo ni upana wa tairi kwa milimita, mara mbili kwa sababu uko juu na chini, karibu 240. Jumla ni kama milimita 620. IST ya kizazi cha kwanza ina urefu wa milimita 3,855, na kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma ni 2,370. Ikiwa imevaa matairi hayo, urefu wake wote ni matairi sita na kidogo, kati ya ekseli na ekseli hayafiki manne, na kimo chake ni matairi mawili na nusu. HiAce fupi niliyoitaja juu ina milimita 4,695 kwa urefu na 2,570 kati ya ekseli. Ikivaa 195/80R15, ambalo lina karibu milimita 693, kimo chake kinakaribia matairi matatu. Chora magari yote mawili kwa ubavu, bila kupinda kokote, ukihesabu matairi. Utaona ulikuwa unayachora matairi madogo mno. Karibu kila mtu hufanya hivyo.

Kipimo cha pili ni nguzo ya kioo cha mbele. Iendeleze kwa chini uone inaangukia wapi. Kwenye magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele, kama IST na Vitz, inaangukia karibu na tairi la mbele. Kwenye Crown za zamani au Mark II, zinazosukumwa na matairi ya nyuma, inaangukia nyuma zaidi, na kati ya tairi na mlango kuna nafasi ya kutosha. Nafasi hiyo ndiyo inayoipa Crown ule ubwana wake. Ukiifuta, umechora kitu kingine. Kwenye HiAce hiyo fupi usitafute boneti: dereva amekaa juu ya tairi la mbele.

Picha ya simu imekudanganya

Kama mchoro unafanana kabisa na picha na bado unaonekana mbaya, kosa huenda liko kwenye picha. Kamera ya simu huona eneo pana, na ukisogea karibu na gari ili lijae kwenye kioo, pua inavimba na buti linakimbia. Rudi nyuma mita sita au zaidi, kisha vuta picha.

Gari linaelea

Hakuna kivuli chini yake, au kipo lakini hakigusi matairi. Giza zito kuliko yote liwe pale tairi linapogusa lami. Kwa Dar, saa ina maana kubwa: mwanzoni mwa Machi na tena siku za Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini, na kivuli chote kinaingia chini ya gari. Ukichora saa sita na nusu mchana halafu ukaweka kivuli kirefu cha jioni, hata asiyejua kuchora atahisi kuna jambo. Kwa mazoezi napendelea saa kumi na moja jioni. Bodi inagawanyika wazi, upande wa mwanga na upande wa giza, na huna haja ya kukisia.

Bodi haing'ai

Umepaka penseli kwa uangalifu, kijivu kimepungua polepole kutoka juu hadi chini, na gari linaonekana kama limefinyangwa kwa udongo. Rangi ya gari ni kama kioo hafifu, na inaonyesha kilicho mbele yake. Boneti na paa zinaangalia mbingu, kwa hiyo zina mwanga. Katikati ya ubavu panaangalia upande wa pili wa barabara: ukuta, vibanda, watu, na hapo panaingia ukanda wa giza wenye ukingo mkali. Chini, bodi inaporudi ndani, inaangalia lami yenye jua na kupata mwanga tena. Alphard nyeusi iliyooshwa vizuri ina meupe mengi kuliko unavyodhani, na ukiipaka nyeusi yote umeiua. Vioo navyo viwe na giza, lakini acha usukani na kichwa cha kiti vionekane kidogo, la sivyo vitakuwa mashimo.

Maandishi ya daladala yanaelea

Ule mstari wa rangi ya njia, majina ya vituo, na maneno ya kioo cha nyuma vinafuata nukta zilezile za bodi na kupinda pale bodi inapopinda. Chora mistari miwili ya kushika herufi, juu na chini, kabla ya herufi yenyewe. Ukikutana na fundi wa kuandika magari kazini, simama utazame anavyoanza. Hutamwona akianza na herufi.

Mistari ina manyoya

Unachora kwa kidole na kiwiko cha mkono kimeganda mezani. Mistari mirefu itoke begani. Weka nukta mbili, pitisha mkono hewani kati yake, kisha chora mara moja. Tumia biro kwa zoezi hili, usipate njia ya kufuta.

Bila kukopi sitoki

Huyu ana picha za Lamborghini kwenye simu, anazikopi vizuri ajabu, lakini mwambie achore bajaji iliyosimama mlangoni kwao anakwama. Kukopi picha kunafundisha mkono kufuata mistari iliyokwisha kulazwa bapa. Kugeuza kitu chenye kina kuwa mistari ndiyo kazi yenyewe, na hiyo picha imekufanyia.

Kaa kituoni. Daladala halisimami muda mrefu, lakini HiAce nyingine itakuja baada ya hiyo, na nyingine, zote za umbo moja. La kwanza chukua boksi na mstari wa macho. La pili, matairi. La tatu, vioo na nguzo. Mchoro mmoja unakamilishwa na magari matano, na kwa kuwa kila moja limesimama kwa pembe tofauti kidogo, unalazimika kuelewa na kukumbuka. Kirikuu na Fuso pia ni walimu wazuri, chesisi zao ziko wazi unaona kila kitu kinavyoshikana. Tumia kaunta buku badala ya simu. Wakwapuzi wa pikipiki hawana kazi na kaunta buku. Na usikae kuchora mbele ya kambi ya jeshi au lango la ofisi nyeti, utapoteza siku nzima ukijieleza.

Nafanya kila siku na siendelei

Angalia biro nyekundu za wiki mbili zilizopita. Zikiangukia mahali pamoja, acha kuchora magari mazima. Chukua kosa hilo moja, lipe dakika ishirini kila siku kwa wiki nzima: duaradufu tu, au maboksi tu kwa uzi. Jumamosi chora gari moja zima, uligeuze kwenye simu, weka alama upya. Kosa likihama, nawe hama nalo. Andika tarehe kila ukurasa na usichane hata mbaya, kwa sababu kumbukumbu inapenda kudanganya kuhusu jinsi ulivyokuwa unachora zamani.

Mchoro umechafuka, karatasi imejikunja

Hili si la mkono wako, ni la joto la Dar. Kiganja kinatoa jasho, penseli laini ya 4B inasambaa, na karatasi nyepesi inavuta unyevu hadi raba inaichuna. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja, anza na HB, iliyo ngumu zaidi, na uache 4B kwa vivuli vya mwisho, chora kutoka kushoto kwenda kulia kama unatumia mkono wa kulia. Feni ikuangalie wewe, isiangalie meza.